Kitanda cha Kulipia

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii yaifikiria nyumba yenye mwenyeji wake, ambamo mgeni hula kilichopo na kulala palipo na nafasi. Haisemi neno juu ya nyumba ambayo mlangoni pake pana meza, juu ya meza pana daftari, na nyuma ya daftari pana karani anayedai shilingi 500 kabla ya kutoa ufunguo. Je, katika nyumba ya namna hii ukarimu waweza kukaa? Au penye bei ukarimu hufunga mizigo yake ukaenda zake? Swali hili nililiona jepesi hata siku nilipolala Eldoret.

Mji wa Eldoret uko juu ya nyanda za Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Ikweta haiko mbali nao, na mtu wa pwani asiyeufahamu huenda akadhani kuwa jua la ikweta litamtosha kuwa blanketi. Hudanganyika, kwa maana kadiri nchi inavyoinuka ndivyo hewa inavyopoa. Katika mwezi wa Julai mvua hunyesha alasiri, na usiku baridi hushuka hata nyuzi 10 au chini yake. Na mji wenye hospitali kubwa ya rufani, chuo kikuu, na barabara kuu iendayo Uganda hauwezi kukosa wageni. Kwa kuwa wengi wao si matajiri, hauwezi pia kukosa nyumba za kulala za bei nafuu.

Nililala katika moja ya nyumba hizo, karibu na kituo cha mabasi, baada ya kumfikisha ndugu yangu hospitalini. Yapata saa tatu ya usiku aliingia mama mmoja, mtoto mgongoni, leso yake imelowa. Mumewe alikuwa amelazwa siku ile. Mkononi alikuwa na shilingi 300, na simu yake haikuwa na fedha. Karani akamwambia, "Mama, kitanda ni mia tano. Si mimi niliyeiweka bei." Sisi wageni wanne tuliokuwa tukiota moto wa jiko tulinyamaza. Mimi niliviinamia viatu vyangu. Moyoni nilimlaumu karani kwa ugumu wake, na kwa lawama hiyo nikajiona mtu mwema.

Ndipo akainuka msukuma mkokoteni mmoja, ambaye viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa kamba. Aliweka shilingi 100 juu ya daftari, akarudi kuketi. Hakusema neno wala hakututazama. Baada yake nasi tukatia mikono mifukoni, na mia ya pili ikapatikana upesi, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema.

Usiku ule sikupata usingizi, nikaipima lawama yangu. Karani alikosa nini? Kitanda hakikuwa chake. Kila asubuhi alipaswa kutoa hesabu ya vitanda vyote, na upungufu wowote ungekatwa katika mshahara wake, ambao yamkini haukuzidi sana kipato cha msukuma mkokoteni. Kugawa mali ya mwingine si ukarimu. Waliokuwa huru kutoa ni sisi, na mimi niliutupa wajibu wangu juu ya mtu aliyefungwa mikono. Aghalabu binadamu hufanya hivyo: humtafuta mwenye daftari amlaumu, apate kusahau mfuko wake mwenyewe.

Tena, bei yenyewe si adui wa ukarimu. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu aliona vijana wa mji wakiziendea merikebu kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara chakula, akatangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara alikaa katika nyumba ya mwenyeji huyo, na mwenyeji akamsimamia katika kuuza na kununua. Ukarimu na biashara viliketi sahani moja, na hakuna aliyeona haya.

Fauka ya hayo, bei ina haki yake. Kabla ya uhuru wa 1963 zilikuwako hoteli katika Kenya ambazo Mwafrika hakupokewa kama mgeni hata angekuwa na fedha tele. Aliingia humo kama mtumishi tu. Nyumba inayomwuliza kila mtu shilingi 500, bila ya kumwuliza rangi wala kabila, imepiga hatua kubwa kuliko hizo. Anayelipa halali kwa hisani ya mtu, wala hakopi heshima yake. Lakini haki ya bei hukoma pale fedha inapokoma, na hapo ndipo kazi ya ukarimu huanza.

Nilidhani nimekwisha kupata jibu. Lakini jioni ya pili mama yule, akiwa ametumiwa fedha na shemeji yake, alikuja kutulipa. Sisi tuliotoa kwa aibu tulikataa kwa maneno mengi, na kila neno letu liliuinamisha uso wake. Msukuma mkokoteni alizipokea shilingi zake 100 kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mama. Mgonjwa anaendeleaje?" Mama akainua uso, akaketi, akaeleza habari za mumewe mpaka makaa yakafifia.

Hapo nilifahamu kuwa tulikuwa tumemwuzia mama yule wema wetu kwa bei kubwa kuliko ya kitanda: tulitaka abaki na deni lisilolipika. Mwenzetu alimpa fedha alipokuwa na haja ya fedha, kisha akampa heshima alipokuwa na haja ya heshima. Kutoa ni nusu ya ukarimu. Nusu ya pili ni kumwacha mwenzako asimame sawa nawe.

Enyi wanafunzi, wengi wenu mtalala katika miji ya ugeni, na mtalipa. Lipeni bila ya kinyongo, wala msimdharau karani. Lakini mlango utakapofunguliwa usiku, na baridi ikaingia pamoja na mtu aliyepungukiwa, msimtazame mwenye daftari. Kumbukeni mifuko yenu. Na mtu huyo akirudi kuwalipa, nyosheni mikono yote miwili mpokee.