WENGI AO MMOJA: KIJANA WETU ASOMEE NINI?



Vijana wetu waliomaliza lisansi hutuuliza: "Tukipata njia ya kuendelea na masomo, tusomee afya ya watu wote, ao kazi ya kushauri wenye moyo uliovunjika?" Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina udaktari, kina na saikolojia. Wazazi hujibu upesi: "Fuata penye mshahara." Lakini swali hili ni la upendo. Je, niwatumikie wengi nisiowaona, ao mmoja aliyeketi mbele yangu?

Mwaka 2011 kipindupindu kilionekana hapa Kisangani, kisha kikashuka na mto hadi Mbandaka na Kinshasa. Daktari hutibu aliyelala kitandani. Aliyesomea afya ya watu wote huuliza: maji haya yametoka wapi? Choo kimechimbwa wapi? Kazi yake ikifaulu, hakuna anayeiona. Mtoto asiyeugua hatakuja kumwambia asante.

Lakini si kila kidonda huoshwa kwa maji safi. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita mjini mwetu, na mamia ya raia wakafa. Tangu mwaka 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola juu ya mashamba umewafukuza wengi makwao. Chanjo itamfaa mama aliyekimbia, lakini haitamrudishia usingizi. Anahitaji mtu wa kumsikiliza na kutunza siri yake. Mtu huyo asiseme kila huzuni ni pepo, na ajue wakati wa kumpeleka hospitali.

Wengine watataja mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamfuata mmoja. Ni kweli. Lakini mchungaji yule yule ndiye aliyewalisha wote mia kila siku. Tusitumie mfano wake kudharau kazi moja.

Tazameni Zimbabwe. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mjini Harare na mama wazee 14. Walifundishwa kusikiliza, wakaketi kwenye benchi karibu na zahanati, wakazungumza na mwenye huzuni mmoja mmoja. Baadaye mabenchi yakawa mengi. Hapo kazi ya mmoja ikawa afya ya wengi.

Basi, kijana, usiulize kazi ipi ni kubwa. Jipime kwa mzigo wake. Je, waweza kuhesabu, kuandika ripoti na kuzunguka vijijini miaka mingi bila kusifiwa? Nenda kwenye afya ya watu wote. Je, waweza kusikia uchungu wa mwenzako leo, usiutangaze kesho, na kumpokea tena akirudi na uchungu ule ule? Nenda kwenye kushauri. Asiyeweza kunyamaza asiingie huko, hata akiwa na akili nyingi.

Nanyi wazazi, msimlazimishe mtoto kubeba mzigo msioweza kuubeba ninyi. Na sisi kanisa, tunapochanga pesa za masomo, tuwakumbuke wote wawili. Mji wetu una visima vya kulinda, una na watu wasiolala usiku.

Bwana awaongoze. Amina.