Shifra, Pua na Binti Yako

Somo: Kutoka 1:15 hadi 2:10



Tukisoma habari hii macho yetu hukimbilia kile kisafina cha Musa kwenye mto. Leo tubaki kidogo na wale wanawake wawili wanaotangulia. Biblia imeandika majina yao, Shifra na Pua. Farao wa siku zile, mwenye majeshi na miji ya akiba, jina lake halikuandikwa. Lakini wazalisha wa watu waliokuwa wageni na watumwa tunawajua mpaka leo, kwa sababu walimcha Mungu wakakataa kuua watoto.

Tena hawakungoja kufika Kanaani ndipo wafanye kazi. Walizalisha huko huko Misri. Nasema hivi kwa sababu katika jamaa zetu kuna neno linalosemwa sana: tuko hapa kwa muda tu, masomo marefu ni ya nini? Ndugu zangu, kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye umri wa kuwa na watoto wake. Huo "muda" wetu umeshapita kozi yoyote ya uuguzi.

Mzazi akisikia neno muuguzi huwaza sindano na kitanda cha hospitali. Lakini yuko muuguzi mwingine, yule wa afya ya jamii, anayetangulia ugonjwa. Anapima kilo za mtoto, anazungusha utepe mkononi mwake aone kama ni kijani, njano au nyekundu, anaangalia kadi ya chanjo, anamuuliza mama anakula nini na maji anayachota wapi. Mgonjwa wake ni nyumba nzima. Wala hapati shukrani nyingi, maana nani atamletea kuku kwa ajili ya surua ambayo mtoto hakuugua?

Hapa Rwanda tumeyaona matunda yake. Mwaka 2011 nchi hii ilikuwa ya kwanza Afrika kuchanja wasichana wa taifa zima dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo zilipelekwa mashuleni, na wasiosoma wakatafutwa vijijini. Kila umudugudu una abajyanama b'ubuzima, waliochaguliwa na majirani zao, wanaotibu malaria, kuhara na nimonia kwa watoto wadogo. Nyuma yao yuko muuguzi wa kituo cha afya anayewasimamia.

Sitawaficha gharama. Tarehe 27 Septemba 2024 ilitangazwa hapa kwamba Marburg imeingia. Mpaka ulipotangazwa mwisho wake, tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamefariki, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Mama aliyemkataza binti yake kazi hii mwaka ule simhukumu. Hata Shifra na Pua waliitwa mbele ya mfalme kujieleza, na wangeweza kuuawa.

Wengine wanasema kumhudumia mtoto kwa mshahara si huduma tena. Someni sura ya pili. Yokebedi alimnyonyesha mwanawe mwenyewe, na nyumba ya Farao ikamlipa. Na aliyemfungulia mlango ule ni msichana, dada yake Musa, aliyesimama karibu akaongea kwa wakati wake. Tunahitaji vijana wa namna hiyo, wavulana pia. Mama aliyetoka Uvira anayejua Kifuliru tu, nani atamweleza daktari kwamba mtoto wake hanyonyi tangu juzi?

Basi mtoto anayependa bayolojia na kemia msimwondoe kwenye masomo hayo. Tangu 2021 shule kadhaa za sekondari zina mkondo wa uuguzi msaidizi wa miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Rwanda, ambacho mwaka 2013 kilimeza ile Kigali Health Institute, kinafundisha uuguzi na ukunga. Kwa wakimbizi upo ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992 na unaopitia UNHCR. Nafasi ni chache na zinagombaniwa, kwa hiyo alama za mtihani zina maana.

Na ninyi mliokuja na diploma za A1 au A2 kutoka Kongo, mkaziweka chini ya godoro na sasa mnauza nyanya: sheria ya hapa inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Diploma hutakiwa kwanza kutambuliwa rasmi, halafu Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga ndilo linalotoa leseni. Ni safari ndefu, na msimpe mtu yeyote wa njiani pesa eti atawaletea leseni nyumbani. Jumapili baada ya ibada bakini kanisani na makaratasi yenu, hata yaliyochanika. Wauguzi walio kati yetu watakaa nanyi kuyaangalia moja moja.