Ukiachishwa kazi, aibu iko wapi?

MWAKA 2020, ndege za watalii zilipoacha kutua Zanzibar kwa sababu ya korona, mahoteli mengi yalifungwa na wafanyakazi wakarudi makwao. Miongoni mwao alikuwa jirani yetu mmoja hapa Temeke, aliyekuwa mtunza stoo. Tulipomuuliza, alijibu kuwa yuko likizo. Ikafika miezi mitatu, vyombo vya ndani vinauzwa kimoja kimoja, naye bado yuko likizo.

Kumbe mkewe alikwishamwambia: karai tunalo, mkono ninao, tukaange maandazi tuuze. Jibu likawa moja tu: "Watu watanionaje?"

Waislamu tujiulize, aibu hii imetoka wapi? Abdurrahman bin Auf (r.a.) aliacha mali yake Makka akaingia Madina mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii (r.a.), tajiri wa Kiansari, naye akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Siku ile alirudi na jibini na samli. Hakusema, "Mimi niliyekuwa mfanyabiashara wa Makka nitaonekanaje na samli?" Baadaye akawa miongoni mwa Maswahaba matajiri.

Basi kukaa kando ya karai si aibu. Aibu ni kukimbilia mkopo wa riba ili ufungue duka la vioo, watu waseme bado wewe ni bosi. Aibu ni kupunja mizani kwa kisingizio cha shida, ilhali Suratul Mutaffifin imewaonya vikali wapunjaji, wala haikumtoa aliyeachishwa kazi.

Lakini tusimlaumu yeye peke yake. Sisi majirani je?

Alipoanza kuuza, tulimpongeza sana. Kisha tukaanza: "Bosi, andika." Tuchukue mfano. Maandazi 100 kwa shilingi 200 ni shilingi 20,000. Unga, sukari, hamira, mafuta na mkaa vimekula 15,000. Faida ni 5,000. Tukikopa maandazi 30 tusilipe, 6,000 imekwenda. Faida yote imeliwa, na shilingi 1,000 ya mtaji juu yake. Mwendo huo kwa wiki mbili, karai linatundikwa ukutani. Halafu tunasema, "Biashara haina baraka."

Ijumaa tunamuombea dua Allah amfungulie rizki. Jumamosi tunakula mtaji wake.

Atasema mtu: kukopeshana ni ihsani, na Qur'an imeagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Ni kweli kabisa. Lakini mwenye dhiki hapa ni nani? Ni wewe unayepokea mshahara mwisho wa mwezi, au ni yeye anayesubiri shilingi 200 zako ili kesho anunue unga? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Hakusema deni la maandazi limesamehewa kwa kuwa ni dogo.

Tena ipo dhulma nyingine ya kimya. Tunampita aliyekuwa mwenzetu, tunanunua kwa mtu tusiyemjua, eti tunamstahi asione haya. Hiyo si stara. Tunamthibitishia kuwa kweli ameanguka.

Saad (r.a.) alitaka kutoa nusu ya mali yake. Sisi hatukuombwa nusu ya chochote. Tumeombwa kununua, kulipa papo hapo, na kumwita mtu kwa jina lake.

Watalii walirudi Zanzibar, jirani yetu hakuitwa tena kazini. Kila alfajiri baada ya swala, yeye ndiye anayewasha moto, mkewe anasukuma unga. Neno likizo hatulisikii tena. Daftari la madeni, hata hivyo, bado lipo pale mezani, na majina yaliyomo tunayajua. Ni ya kwetu.

Wabillahi tawfiq.