Mabinti Watano Mlangoni pa Hema



Somo letu Jumapili hii ni Hesabu 27:1-11, pamoja na Yoshua 17:3-4. Nakuomba usome mwenyewe kwanza kabla ya kuendelea na maneno yangu. Ni mistari michache. Hata kama uko kwenye basi unaenda shifti, utaimaliza kabla ya kituo cha tatu.

Wana wa Israeli wako katika nchi tambarare za Moabu, karibu na Yordani. Watu wamehesabiwa, na sura ya 26 imekwisha kueleza kwamba nchi itagawanywa kwa kufuata hesabu hiyo ya majina. Yaani mpango umeshatoka. Mabinti watano wa Selofehadi wanausikia, wanagundua kwamba wao hawamo. Baba yao alifia jangwani, hakuacha mtoto wa kiume, basi jina la nyumba yao linafutika hivi hivi. Hawakubaki hemani wakinung'unika. Walikwenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakasema haja yao: tupeni na sisi sehemu.

Kuna jambo ambalo nililipita mara nyingi katika kusoma habari hii. Nchi yenyewe walikuwa bado hawajaingia! Kanaani waliisikia tu kwa masikio. Wanaomba fungu katika ardhi ambayo miguu yao haijaikanyaga, kwa sababu walielewa kwamba wakati wa kusema ni kabla kamba ya kupimia haijapita.

Mimi sikulielewa hilo, na limetugharimu. Naomba nianze na kosa langu.

Wale mlio wa zamani mnaukumbuka ule ukumbi wetu wa kwanza, uliokuwa katikati ya flati, wenye paa linalovuja upande wa jikoni. Tulikuwa tunaukodi kila Jumapili. Mama zetu watatu walikuwa wanakuja kwa miguu, mmoja na mkongojo wake. Siku moja karatasi ya manjano ilifungwa kwenye nguzo ya taa, pale pale nilipokuwa naegesha gari. Nilidhani ni habari za maegesho. Baadaye ilikuja barua nyumbani, bahasha ya kahawia. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikaiweka juu ya friji pamoja na nyingine, nikalala. Barua ile ilisema kwamba kuna maombi ya kuvunja ukumbi na kujenga flati, na kwamba mwenye maoni ana siku 21. Niliifungua baada ya wiki sita.

Hakuna aliyetuonea. Walituuliza, tukanyamaza. Niliambiwa baadaye kwamba maoni yaliyopelekwa yalikuwa machache sana, na hakuna hata moja lililotaja kwamba kanisa linakutana pale. Kwenye makaratasi yao ukumbi ule ulionekana kama jengo lisilo na watu. Tangu hapo tumehama mara tatu, na yule mama wa mkongojo sasa anapanda mabasi mawili kuja ibadani. Hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye nayehesabu yale mabasi.

Nikiuliza kwa nini tunanyamaza, majibu ninayopata ni mawili au matatu. La kwanza linasemwa kwa sauti ya kiroho: sisi ni wapitaji, hapa si kwetu. Ni kweli kwamba uraia wetu uko mbinguni. Lakini rudini Yeremia 29. Wale waliochukuliwa mpaka Babeli nao walikuwa wanasubiri kurudi nyumbani, na manabii wa uongo waliwapa moyo kwamba ni karibuni tu. Barua ya Yeremia ikawaambia habari ya miaka 70. Wakaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wautafute usalama wa mji ule na kuuombea. Mtu anayepanda mti hajali kitakachojengwa kando ya mti? Wengi wetu tulifika hapa tukisema miaka mitano tu. Watoto wetu leo wanaongea Kiswahili kwa lafudhi ya Peckham.

La pili ni woga, na hili silifanyii mzaha. Kuna watu hapa wanaogopa kuandika jina lao kwenye karatasi yoyote ya serikali mpaka mambo ya viza yakae sawa. Basi sikilizeni vizuri. Kutoa maoni juu ya maombi ya ujenzi hakuhitaji uraia, wala hakuna anayeuliza pasipoti. Jina na anwani yako huenda vikawekwa hadharani pamoja na barua yako. Hilo ulijue kabla ya kuandika. Kama bado moyo hautulii, zungumza na wakili wako kwanza.

Mambo ya kura yana sheria zake. Tangu Julai 2018, Meya wa London aliweka sharti kwamba mwenye nyumba anayetaka fedha za jiji ili kubomoa flati za wapangaji na kujenga upya mradi wa nyumba 150 au zaidi lazima kwanza apate kura ya wakazi. Wanaopiga ni wapangaji wa nyumba za kijamii, wale walionunua flati zao na kuishi humo angalau mwaka mmoja, na pia anayeishi pale ambaye amekuwa kwenye orodha ya kusubiri nyumba kwa mwaka mmoja au zaidi. Umri ni kuanzia miaka 16. Vijana wetu, mmesikia? Mnaona kwamba uraia haumo katika masharti hayo. Kuna na njia nyingine, iliyotoka kwenye sheria ya mwaka 2011: watu 21 au zaidi wanaoishi au kufanya kazi katika eneo moja wanaweza kuunda jukwaa na kuandika mpango wa mtaa wao. Ukikaguliwa na ukapita kwa kura ya wengi, kaunsili inalazimika kuutumia inapoamua maombi ya ujenzi. Kura hiyo ya mwisho ndiyo inayofuata daftari la uchaguzi wa mitaa. Ndugu zetu wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, ambao nchi zao ziko Jumuiya ya Madola, wanaweza kujiandikisha wakiwa na ruhusa ya kukaa. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawawezi mpaka wapate uraia. Sioni haki katika hilo, lakini ndivyo ilivyo. Wanaweza hata hivyo kuwa kati ya wale 21, na kuandika mpango ni kazi kubwa kuliko kuupigia kura.

Mimi ni nesi, na kazi yangu ni kuzunguka majumbani. Kila mgonjwa ana mpango wake wa matunzo kwenye faili. Ukiuandika ofisini bila kumuuliza, utakuta umeandika kidonda kisafishwe saa tatu asubuhi kwa mtu ambaye saa tatu anapeleka mjukuu shule. Mpango mzuri kabisa, na haufanyi kazi. Nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tisa kwa sababu lifti imekufa, nikamkuta mzee ambaye hajashuka chini kwa wiki tatu. Aliyepanga kumweka pale juu hakuwahi kumuuliza habari za magoti yake.

Na jibu la tatu la watu: kusema hakusaidii. Hili ndilo gumu. Mnamo 14 Juni 2017 watu 72 walikufa katika moto wa Grenfell, magharibi mwa jiji hili. Wengi wao walikuwa wahamiaji, wakiwemo watu wa Eritrea, Ethiopia na Sudan. Na wakazi walikuwa wameonya kwa miaka. Walisema, hawakusikilizwa. Sina maneno ya kufunika jambo hilo, na nisingependa mtu ayatafute. Ninachojua ni kwamba waliobaki hawakunyamaza, na sheria ya usalama wa majengo ya 2022 sasa inamlazimisha msimamizi wa jengo refu la makazi aandike jinsi atakavyowashirikisha wakazi katika maamuzi ya usalama. Ukiishi ghorofani, uombe karatasi hiyo. Imelipiwa kwa bei kubwa.

Wako pia waliosema wakasikilizwa. Ukitoka stesheni ya Waterloo kuelekea Blackfriars kando ya mto (wengi wenu mnapita hapo alfajiri mkienda kusafisha maofisi) utakuta Coin Street. Miaka ya sabini wenye fedha walitaka kujenga maofisi marefu na hoteli pale. Wakazi waliobaki, watu wa kawaida kabisa, walichora mpango wao: nyumba, bustani, njia ya kutembea kando ya maji. Walibishana kwa miaka mingi, wakaenda kwenye vikao vya uchunguzi, na mwaka 1984 walipata ardhi ile, ekari 13. Leo kuna nyumba za ushirika pale, katika moja ya sehemu ghali kuliko zote duniani.

Huko Mile End, hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili ya St Clement's ilipofungwa, makanisa, misikiti na shule za mashariki mwa London zilishikana mikono kudai baadhi ya nyumba ziuzwe kwa bei inayolingana na kipato cha watu wa pale. Walipata 23. Utasema ni chache, na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini zipo, watu walianza kuhamia mwaka 2017, na bei yake haikimbii na soko hata zikiuzwa tena.

Na msidhani mambo haya ni ya Wazungu. Nairobi, mwaka 2017, serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu. Wakazi, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, walijipanga kwa makundi ya kaya kumi kumi ili sauti zipande kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya mpango: maji, vyoo, barabara, shule. Waliokulia Tanzania wanamjua balozi wa nyumba kumi. Sisi tuliokuja na ujuzi huo tumeuacha uwanja wa ndege pamoja na ndoo za chakula zilizozidi kilo.

Sasa turudi kwa mabinti wetu. Angalieni Musa alivyofanya. Hakujibu kwa haraka, hakusema sheria ndivyo ilivyo. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema mabinti hawa wamenena haki, sheria ikabadilishwa kwa ajili ya Israeli yote. Tungependa habari iishie hapo. Lakini sura ya 36 wazee wa ukoo wao wanakuja na pingamizi: wakiolewa kabila jingine, ardhi itahama. Uamuzi ukaongezewa sharti, nao wakalikubali. Halafu miaka inapita. Musa amekufa. Yordani imevukwa, vita vimepiganwa, ardhi inagawanywa kweli kweli. Na Yoshua 17 inatuonyesha wanawake wale wale wamesimama tena, mbele ya Eleazari, Yoshua na wakuu, wakikumbusha kile kilichoamriwa. Ahadi walikuwa nayo tangu Moabu, na bado iliwabidi waende kuidai.

Yeyote aliyewahi kufuatilia jambo kwenye kaunsili anajua maana yake. Afisa uliyezungumza naye amehama, barua pepe inarudi, anayekaa kwenye kiti chake hajui lolote. Wale mabinti hawakuanza upya. Walikumbuka nani alisema nini, mbele ya nani. Kwa lugha yangu ya kazini: waliandika, na walitunza faili.

Nasema haya kwa sababu familia saba za kanisa letu zinaishi kwenye zile flati ambazo zimeanza kupata barua za kubomolewa na kujengwa upya, na kura itakuja. Sitawaambia mpige ndiyo au hapana, na mtu yeyote asitumie madhabahu hii kuwaambia hivyo. Kuna mama ana ukungu chumbani kwa mtoto mwenye pumu, anataka nyumba mpya hata kesho. Kuna mzee aliyeishi pale miaka 22 na anaogopa kwamba akiondoka hatarudi. Wote wawili wana haki ya kusema. Ulizeni: nitarudi mtaa huu huu? Kodi itakuwa kiasi gani? Vyumba vingapi? Na ukumbi wa pale chini utajengwa tena, au utapotea kama wetu? Majibu yawe kwa maandishi.

Mkutano wao ni Alhamisi jioni. Biskuti zao ni kavu na maneno yao ni mazito, lakini tutakwenda pamoja, na vijana wawili wa kwaya wamekubali kutafsiri. Leo baada ya ibada nitakaa kwenye meza iliyo karibu na birika la chai. Leteni zile bahasha za kahawia, hata zilizofungwa, hata za mwaka jana. Nimeleta miwani yangu na kalamu tatu.