Mazoezi: Mtumishi au Bwana?

Mafungu ya msingi: Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Marko 6:30-32, 1 Wakorintho 9:24-27, Wakolosai 2:20-23, 1 Timotheo 4:7, 8.

Wazo kuu: Bidii njema haipimwi kwa wingi wa mazoezi peke yake, bali kwa uhuru wa kuyaacha inapopasa.

Katika kitabu cha Huduma ya Uponyaji, kilichotoka mwaka 1905, Ellen White aliyaweka mazoezi ya mwili katika orodha moja na hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, chakula kinachofaa, maji na kuutumaini uweza wa Mungu. Itazame orodha hiyo kwa makini. Mazoezi yamo, pumziko limo, na kiasi kimo. Hakuna dawa hata moja iliyopewa ruhusa ya kuzimeza nyingine.

Wengi wetu tunahitaji kuhimizwa, si kuzuiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mkulima wa Choma aliye na jembe lake msimu wa pamba au mpunga huipita idadi hiyo mapema katika juma. Lakini karani, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na kiongozi wa kanisa anayehama kikao hadi kikao, mara nyingi hawaifikii, na shinikizo la damu na kisukari vinawangoja. Basi somo hili lisiwe mto wa mvivu kulalia.

Hata hivyo yupo ndugu mwingine ambaye hatumzungumzii. Huyu hukimbia kila alfajiri, hata akiwa na homa. Goti limevimba, naye huficha. Mkewe akimsihi apumzike, hukasirika. Sisi tunamsifu kwa nidhamu. Je, tunasifu afya, au tunasifu ugonjwa uliovaa mavazi ya afya? Tutatofautishaje?

Njia moja, watu wawili

Jibu la haraka ni kuhesabu saa. Lakini saa hazitoshi. Mkulima hufanya kazi nzito kutwa nzima na kulala usingizi mtamu. Mwingine hufanya mazoezi saa moja tu kwa siku na saa hiyo ikamtawala maisha yote. Lazima tutafute kipimo kingine.

Mkoa wetu wa Tabora una kumbukumbu inayotusaidia. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kufika Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kote kwa nguvu zao. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Lakini watu hao hodari walijua kupumzika. Msafara uliondoka alfajiri, na kwa kawaida ulipiga kambi kabla jua halijawa kali. Tabora yenyewe ilikuwa mahali pa kutua: Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, walikaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea.

Katika njia hiyo hiyo walipita pia watumwa. Wengine walibebeshwa mizigo kama wapagazi. Mtu aliyesimama kando ya njia angeona miguu ile ile, vumbi lile lile na jasho lile lile. Maisha ya mpagazi nayo yalikuwa magumu. Njaa na maradhi viliua wengi. Lakini palikuwa na tofauti kubwa: mpagazi alipatana ujira wake, na aliweza kukataa safari. Mtumwa hakuwa na neno juu ya mzigo wake. Aliyechoka alisukumwa mbele.

Hapa ndipo penye kipimo chetu. Usiulize kwanza, "Nimekimbia kilomita ngapi?" Uliza, "Je, ninaweza kutua?"

Dalili za kuangalia

Mwili hujengwa wakati wa pumziko, baada ya kazi. Mazoezi huuchosha msuli. Chakula na usingizi huurudisha ukiwa imara zaidi. Anayeondoa pumziko huondoa faida aliyoitafuta. Angalia dalili hizi: uchovu usiokwisha, usingizi kupotea, mapigo ya moyo kwenda mbio kuliko kawaida hata asubuhi kitandani, mafua ya mara kwa mara, maumivu ya mfupa yanayorudi mahali pale pale, na kwa mwanamke, hedhi kukatika. Mkojo ukibadilika rangi na kuwa kama chai nyeusi baada ya mazoezi makali, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana misuli iliyoharibika huweza kudhuru figo.

Ziko pia dalili za moyoni. Mtu hujiona mwenye hatia akikosa siku moja. Huficha maumivu. Huacha wajibu wa nyumbani. Na iliyo nzito kuliko zote: akila chapati mbili, lazima azilipie kwa kukimbia. Ndugu zangu, tumehubiri miaka mingi kwamba hatuokolewi kwa matendo. Lakini mtu anaweza kuliamini hilo kuhusu dhambi zake, na bado akaishi kana kwamba chakula chake ni kosa na jasho lake ni kafara. Yeye hatunzi tena hekalu la Roho Mtakatifu, analiadhibu.

Je, Paulo hakuutesa mwili wake?

Mtu katika darasa lako atauliza swali hili, na ni swali la haki. Soma 1 Wakorintho 9:24-27. Paulo anasema wazi kwamba anaushughulikia mwili wake kwa ukali na kuutumikisha. Soma sasa Wakolosai 2:20-23, ambako mtume huyo huyo anasema ukali juu ya mwili unaweza kuonekana kuwa hekima na usiwe na faida. Je, anajipinga? La. Kwa Wakorintho anausemea mwili uliofanywa mtumishi, ili yeye aweze kuwatumikia watu wapate kuokolewa (fungu la 22). Kwa Wakolosai anakemea ukali usio na kusudi nje ya nafsi yake wenyewe. Mtumishi hufunzwa na kupewa kazi. Hapigwi mpaka asiweze kuinuka.

Tumkumbuke Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico City, alianguka na kuumia goti na bega. Alifungwa bandeji akaendelea, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Dunia ilimheshimu, na ilifanya vema. Lakini tusichukue siku moja ya pekee, ya mtu aliyetumwa na taifa lake, tukaifanya sheria ya kila Jumatatu. Mwaka 1970 Akhwari alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh. Mwili ulioumia ulipona ndipo ukakimbia hivyo.

Mtihani wa Sabato

Katika Kumbukumbu la Torati 5:15, Mungu anatoa sababu ya kuitunza Sabato: Israeli walikuwa watumwa Misri, naye akawatoa. Farao hakuwapa siku ya kutua. Bwana anatoa. Kwa hiyo kila juma Sabato hutuuliza tunamtumikia nani.

Lakini jichunguze zaidi. Yupo asiyekimbia siku ya Sabato, ila Jumapili hukimbia mara mbili ili kufidia. Miguu yake ilipumzika. Moyo wake ulikuwa ukihesabu deni. Pumziko linalolipiwa si pumziko bado.

Ukimwona ndugu wa namna hii, usimcheke wala usimwambie kwamba hana imani. Mwulize habari za usingizi wake. Mtembelee. Msindikize kwa daktari ikibidi, maana kifungo cha namna hii mara nyingi huhitaji msaada wa mtaalamu pamoja na maombi. Yesu alipowaona wanafunzi wake wamechoka kwa kazi njema kabisa, hakuwaongezea kazi. Aliwaita kando wapumzike kidogo.

Maswali ya kujadili

1. Ni zoezi, kazi au huduma gani maishani mwako ambayo ungeshindwa kuiacha kwa juma moja? Kwa nini?

2. Tunawezaje kuwahimiza wavivu bila kumwongezea mzigo aliyekwisha kulemewa?

3. Je, kazi ya kanisa nayo inaweza kuwa bwana mkali? Linganisha na Marko 6:30-32.

4. Kanisa lenu linawasifu watu gani? Je, mmewahi kumsifu mtu kwa kujua kupumzika?