Kitu Ambacho Hakikutokea

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Habari yenyewe ilipita redioni katikati ya siasa na matokeo ya mpira, na kule kwetu Lambwe nadhani wengi hawakuisikia kabisa. Babu aliisikia. Nilipofika nyumbani mwezi uliofuata nilimkuta ameiweka kichwani kama deni analotaka kudai. "Nyakwara," akaniambia kabla sijamaliza chai, "ng'ombe akizaa tunafurahi kwa sababu tunamwona ndama. Sasa hiki ambacho hakikutokea, mtu ambaye hakuugua, hakusinzia, hakuzikwa, tunakishukuru vipi? Tunakichinjia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitafikiria, na yeye akacheka, maana hilo ndilo jibu la watu waliosoma wanapobanwa.

Kwa asiyepajua, Lambwe ni bonde katika kaunti ya Homa Bay, limezungukwa na vilima vya Gwassi, Gembe na Ruri, na upande mmoja ukingo wa Kanyamwa umesimama kama ukuta. Ziwa haliko mbali. Udongo ni mzuri, nyasi ni ndefu. Mgeni akiliona atauliza kwa nini mahali pazuri hivi palikaa bila watu muda mrefu wakati kwingine Nyanza watu wanagombania mpaka wa shamba hatua kwa hatua. Jibu ni nzi. Sisi tunamwita maugo, Kiswahili kinamwita ndorobo au mbung'o. Akimuuma ng'ombe, ng'ombe anakonda akiwa katikati ya malisho. Akimuuma mtu, huanza homa na kichwa kuuma, kisha vimelea vikiingia kwenye ubongo mtu analala mchana na kukesha usiku, tabia inageuka, hata mkewe hamjui tena. Bila matibabu ni kifo, na kwa aina ya huku kwetu ni miezi tu. Mwanzoni mwa karne ya 20, upande wa Uganda wa ziwa hilihili, malale iliua zaidi ya watu 200,000. Lambwe iliendelea kuugua hata baada ya uhuru, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ulipanda tena mpaka ndege zikaletwa kunyunyizia dawa juu ya vichaka. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa humu nchini alionekana mwaka 2009.

Nzi mwenyewe, tuelewane, hajaisha. Bado yuko ndani ya mbuga.

Swali la Babu lilinikumbusha Profesa Henry Odera Oruka. Wakati wasomi wengi walikuwa wanabishana iwapo Afrika ina falsafa, yeye alitoka Chuo Kikuu cha Nairobi akaenda kuwauliza wazee vijijini. Kitabu chake kuhusu falsafa ya wahenga kilitoka 1990, miaka mitano kabla ya kifo chake. Alitofautisha wazee wa aina mbili. Kuna anayejua mila zote na kuzieleza vizuri, na kuna anayezijua kisha akathubutu kuuliza kama ni za kweli. Huyu wa pili ndiye aliyemtafuta. Mmoja wao alikuwa Mjaluo, Paul Mbuya Akoko, ambaye hakuridhika kusema Mungu ni mmoja kwa kuwa wazee walisema hivyo. Alitaka kuonyesha kwa hoja kwa nini hawezi kuwa zaidi ya mmoja. Mimi si profesa, na Babu angekataa kuitwa mhenga. Lakini jioni ile niliamua kumuuliza badala ya kumjibu.

Nilimuuliza kama miaka yote ile walikuwa na tumaini.

"Tumaini?" akasema. "Tulikuwa na vitambaa."

Alimaanisha mitego. Ni kitambaa cha buluu na cheusi kilichoshonwa na kutundikwa kichakani, na kando yake chupa ya mkojo wa ng'ombe. Nzi anaifuata ile buluu na ile harufu akidhani amepata mnyama. Anaingia, hatoki. Babu aliitunza mitego kadhaa kwa miaka. Kitambaa kikichanika anashona, nyasi zikikifunika anafyeka, mtu akiiba kitambaa akashonee mtoto kaptura (walikuwepo, na hakuwalaumu sana) anatafuta kingine.

Binamu yangu alikuwa amekaa pale akisikiliza, mguu mmoja ukitikisika. Ana diploma, ana miaka minne bila kazi, na wakati huo alikuwa anasubiri safari ya Qatar ambayo wakala alitaka ilipiwe kwanza. Pesa ilitakiwa itoke kwa ng'ombe. Akasema, "Kwara, nisamehe. Lakini wewe ulibaki hapa kwa sababu hukuwa na pa kwenda. Si ati tumaini, si ati vitambaa. Hukuwa na nauli."

Nilidhani mzee atakasirika. Akasema, "Ni kweli."

Nimelifikiria sana hilo "ni kweli." Tunapenda kuwasifu waliovumilia kana kwamba walichagua, na sifa hiyo huwa rahisi hasa kwa sisi tuliopata nauli. Wapo waliohama Lambwe wakaishi vizuri, hawakuwa na imani ndogo kuliko Babu. Kwa hiyo kubaki peke yake hakuthibitishi kitu. Lakini pia haifuati kwamba alichofanya baada ya kubaki hakina maana. Mtu anaweza kukosa uchaguzi wa kuondoka na bado akawa na uchaguzi wa kushona kitambaa au kutoshona. Binamu alikuwa na haki kwenye nusu ya kwanza, na nadhani Babu alikubali nusu hiyo tu.

Kiswahili hapa kinatusaidia, maana kina kutarajia na kina kutumaini, na sisi huvichanganya. Anayetarajia anahesabu: mvua zimeanza, mahindi yatatoka. Anayetumaini mara nyingi hana hesabu. Kwa Kijaluo tunasema geno, na neno hilo linabeba pia kumtegemea mtu, kumwegemea. Binamu anaona kutumaini bila hesabu ni biashara ya wahubiri. Mimi nilikuwa karibu kukubaliana naye mpaka niliposoma jinsi nzi huyu anavyozaa. Jike hatagi mayai mamia kama nzi wa chooni. Anabeba buu mmoja tumboni, anamlisha kwa maziwa yake mwenyewe, anamzaa akiwa karibu mkubwa kama yeye, na hiyo huchukua siku tisa au kumi. Mmoja mmoja. Ndiyo maana mtego unaokamata majike wachache tu katika kila mia, ukifanya hivyo kila siku bila kuachwa, unaweza kukishusha kizazi kizima. Babu hakuijua hesabu hiyo. Alichokiona ni nzi wachache ndani ya mfuko na mamia nje. Kwa macho yake kazi ilikuwa ya kipumbavu, lakini hesabu ilikuwa upande wake muda wote.

Sitaki kulikuza jambo hili. Kuna kazi nyingi za kipumbavu ambazo hesabu haiko upande wao, na huwezi kuzitofautisha ukiwa ndani.

Na kuna jambo linalonisumbua zaidi. Nzi aliyefukuza watu ndiye aliyewaacha wanyama. Eneo lilitengwa mwaka 1966, likawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma mwaka 1983, kilomita za mraba 120 hivi, na ndiyo mahali pekee Kenya ambapo korongo, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu, bado anaishi porini. Wako wachache mno. Wageni wakija kuwapiga picha, je, wanamshukuru nzi? Nilimuuliza Babu. Akasema mwizi akidondosha shilingi akikimbia utaiokota, lakini hutamwita arudi ule naye. Sina hakika mfano huo unatosha. Mtu aliyepoteza mtoto kwa malale huenda haokoti shilingi yoyote.

Giza lilipoingia binamu alirudia suala lake. Aliuliza waziwazi kama ng'ombe atauzwa.

"Wakala akitoroka na pesa?" Babu akauliza.

"Basi ng'ombe ameenda."

Mzee alinyamaza kwa muda. "Wangu walikwenda kumi na mmoja," akasema. "Msimu mmoja." Sisi wote wawili hatukuwahi kuisikia habari hiyo.

Asubuhi nilipoamka alikuwa tayari zizini, amemshika yule ng'ombe pembe, anamfungua mdomo kutazama meno, na binamu amesimama kando na kamba.