Nguo ya Kuazima

Wahenga walisema: Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Neno hili tulilijua tangu utoto, lakini kijana mmoja wa hapa Mahagi-Port ametufundisha maana yake upya.

Kijana huyu ni mvuvi. Kwa fedha ya samaki alijipatia mashine ya michezo kutoka Kampala. Jioni watoto walikuja kwake, wakalipa kidogo, wakacheza mpira wa kwenye televisheni. Michezo yenyewe hakuinunua. Alilipa ada ya mwaka, akafunguliwa mlango wa kuicheza. Baadaye akashawishika kulipa ada nyingine ya mwezi, kubwa zaidi, ambayo ndani yake ile ya kwanza ilikuwamo tayari. Akadhani sasa ana mali mbili. Kumbe ile kubwa iliimeza ndogo, na miezi iliyobaki ya ndogo ikageuzwa kuwa majuma machache ya kubwa. Majuma yalipokwisha, yote ikafungwa siku moja. Watoto wakarudi makwao.

Je, kijana ameibiwa? Tusikimbilie kujibu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alipambanua vitu vya namna mbili. Divai na ngano, kuvitumia ndiko kuvimaliza; basi huwezi kumpa mtu matumizi yake nawe ukabaki na mali. Nyumba sivyo. Mwenyewe aweza kumruhusu mwingine akae, naye akabaki mwenye nyumba na kupokea kodi kwa haki. Mchezo wa mashine wafanana na nyumba, maana kuucheza hakuumalizi. Kwa hiyo kuukodisha si dhambi. Hata hapa ziwani, aliyekodi mtumbwi kwa mwezi hashangai mwenyewe akija kuuchukua. Tena, aliyepanga chumba kimoja chenye milango miwili hana vyumba viwili.

Kosa huanzia penye neno. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo uitwao The Crew, uliotoka mwaka 2014. Hata watu waliolipa bei yake kamili hawakuweza kuucheza tena. Mwaka huohuo jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria, nayo ikaanza kazi mwaka 2025: muuzaji wa vitu vya namna hii asiandike “nunua” bila kumweleza mtu waziwazi kwamba anapewa ruhusa tu. Sheria hiyo ni ya haki. Mapatano ni watu wawili kukubali jambo moja. Mmoja akidhani ananunua, na mwingine akijua anakodisha, hapo hapana mapatano, pana mtego.

Lakini kijana wetu hakuambiwa “nunua”. Ada iliitwa ada, na masharti yaliandikwa, marefu, kwa Kiingereza. Naye alituletea simu yake tumsomee. Ndugu wasomaji, tulisoma mwanzo tu, tukachoka, tukamwambia: Ni vyema, lipa. Habari ya ada moja kumeza nyingine ilikuwa mbele kidogo.

Basi kampuni ina deni la kusema kwa ufupi neno linalomgusa maskini, wala lisifichwe katikati ya maneno elfu. Kijana ana deni la kuuliza kabla ya kulipa: Nikiacha kulipa, kitabaki nini mkononi mwangu? Nasi tuliosoma shule tuna deni kubwa kuliko yeye, maana alituazima macho, nasi tukamwazima macho yaliyofumba. Tumemrudishia sehemu ya fedha yake. Hakutuomba.

Kati yenu wako wanaokodisha nyavu, mitumbwi na mashamba kwa vijana wasiojua kusoma. Je, mmewaambia mwisho wa mapatano, au mwanzo tu? Tusiinyoshee kidole kampuni ya mbali, na hali pwani yetu wenyewe kuna masharti yasiyosomwa mpaka mwisho.